Tai Aliyetembea kwa Miguu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Shari, mtaa wetu wa Bunia, ananiuliza swali moja: tai ulimpata? Nilimpata. Nilimpata akiwa hai na nilimshika kwa mikono hii, kidole gumba bado kina kovu. Lakini anayeuliza habari ya tai peke yake ameuliza nusu ya jambo. Nimechoka kusimulia nusu hiyo kila mahali, mara kwenye foleni ya maji, mara kanisani katikati ya matangazo, kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja. Someni, halafu mniache nisahihishe daftari za wanafunzi.

Bunia hadi Bambu

Mnaonijua mnajua kwamba mbali na kufundisha biolojia nina ugonjwa wa ndege. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimsaidia mtafiti mmoja wa Ulaya, ambaye hapa nitamwita Otto. Yeye hukamata tai wachanga kule kwao, huwavalisha mgongoni kifaa kidogo chenye kioo cha kupokea jua, kimefungwa kwa kamba kama mkoba wa shule, kisha huwaachilia. Baridi ikianza huko, tai hao husafiri kuja kwetu wakifuata mvua, kwa sababu mvua ndiyo inayotoa kumbikumbi, na tai hao, pamoja na ukubwa na ukali wao wote, hupenda kumbikumbi kama sisi tu. Mara kadhaa kwa siku kifaa humwambia Otto, kupitia satelaiti, mahali tai alipo. Otto huniambia mimi. Kukiwa na jambo lisiloeleweka, ni miguu yangu inayokwenda kuangalia.

Safari hii jambo lilikuwepo. Tai mmoja jike alifika vizuri juu ya mkoa wetu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, akatua kwenye vilima vya nyuma ya Bambu, na hakuruka tena. Angekuwa amekufa, nukta yake kwenye ramani ingekaa mahali pamoja. Haikukaa. Kila asubuhi iliondoka sehemu moja, ikaenda polepole kwa mwendo wa binadamu hadi sehemu ya pili, na jioni ikarudi pale pale ilipolala jana. Siku kumi na moja mfululizo. Otto aliniandikia akiuliza kama inawezekana tai akawa anatembea kwa miguu. Nilicheka peke yangu, kisha nikaangalia tena ramani na kicheko kikakatika.

Nilikwenda na Bosco, jirani yangu mwenye pikipiki, kijana mwema ambaye mdomo wake hauna mlango.

"Prof, ile haiko tai tena," aliniambia tukitoka mjini. "Ile iko mutu anavaa tai."

"Endesha," nikamwambia.

Siku hizi tunasema kuna amani, na kweli ipo, lakini ni amani inayogeuka kutazama nyuma kila baada ya hatua chache. Kando ya barabara kulikuwa na nyumba za mabati mapya, na katikati yake nyumba za kuta tupu, mahindi yameota sebuleni. Kwenye kizuizi kimoja askari alifungua mkoba wangu, akakuta darubini. Hakuichukua. Aliiweka machoni, akaielekeza kwenye vilima tulikokuwa tunakwenda, akatazama kwa muda mrefu huku mimi na Bosco tumesimama juani. Hatimaye akanirudishia.

"Kule hakuna mutu," akasema.

Nilikuwa sijamuuliza kitu.

Bambu

Tulifika Bambu mnyororo wa pikipiki umekatika na mvua inatunyeshea. Fundi alisema mnyororo mwingine utatoka mji wa Mongbwalu kesho, na hiyo kesho ikazaa kesho nyingine. Basi nikakaa Bambu siku mbili, nikila bugali kwa makayabu, yule samaki wa chumvi, kwa mama mmoja aliyekuwa akiniongezea chumvi kana kwamba ya samaki haikutosha.

Bambu ni mji wa dhahabu. Watu wake wote macho yako chini, na mimi peke yangu nilikuwa nikitazama juu. Kila Otto aliponitumia nukta mpya nilitoa simu, nikatazama kilima, nikaandika kitu daftarini, nikatazama tena kilima. Meza ya pili walikuwa wameketi wachimbaji wawili wenye mabuti ya matope, mrefu mwenye kofia nyekundu na mfupi aliyekuwa akila bila kuacha kunitazama.

"Muzee, unatafuta nini kule juu?" mrefu akauliza.

"Tai."

"Tai," akarudia. "Na miye niko Papa wa Roma."

Wote wakacheka, hata mama wa makayabu. Nikacheka nao, nikidhani wananitania tu. Ninyi mliozaliwa huku mmeshaona kosa langu. Katika nchi ya dhahabu, mtu anayetazama simu, akatazama kilima, akaandika daftarini, ana kazi moja tu, kutafuta pa kuchimba, na akisema anatafuta ndege ndiyo amethibitisha. Mimi wazazi wangu walihamia Bunia kutoka Butembo kuuza vitenge. Ya dhahabu siyajui. Siku ya tatu nikachoka kungoja mnyororo. Nilimwacha Bosco na pikipiki yake nikapanda kwa miguu.

Mlimani

Nilitembea kwa muda wa saa nne. Mwanzoni kulikuwa na watu, wanawake wenye mikungu ya ndizi na wachunga ng'ombe wawili. Baada ya kijito cha pili sikuona mtu. Njia ikawa nyembamba, lakini haikuwa na majani katikati, maana yake miguu ilikuwa ikipita.

Kijiji kilitokea ghafla nyuma ya migomba. Nyumba kama kumi na tano, nyua zimefagiliwa, mistari ya ufagio bado mibichi. Hapakuwa na moshi wala mbwa, na saa tano ile ya asubuhi hakuna jogoo aliyewika. Mlangoni mwa nyumba moja niliona kinu kimefungwa magunia pande zote na mchi wake umevishwa vitambaa kichwani, kama umeumia. Nilitazama simu. Nukta ya mwisho ilikuwa hatua thelathini mbele yangu, ndani ya jiko la nyasi.

Nikafanya alichonifundisha marehemu mama yangu. Nikapaza sauti: "Hodi!"

Hakuna aliyejibu. Nikapaza tena, kwa nguvu zaidi, kwa sauti ninayotumia kunyamazisha darasa la mwaka wa tatu. Ndipo nilipotambua kwamba sikuwa peke yangu. Walikuwa kati ya migomba, kulia na kushoto, wanaume, wanawake na watoto, huenda thelathini, wamesimama wananitazama. Walikuwa hapo tangu nilipoingia. Hata mtoto mmoja hakukohoa. Nywele zilinisimama, na sioni aibu kusema hivyo.

Mama mmoja mfupi alinijia upesi akaweka kiganja chake kinywani mwangu, kwa upole, kama unavyomziba mtoto mdomo kanisani.

"Usipige kelele, Papa," akanong'ona. "Hapa tunasema polepole."

Jikoni kwa Mama Anzelina

Huyo alikuwa Mama Anzelina, na jiko lililokuwa chini ya nukta lilikuwa lake. Aliniingiza pamoja na kiongozi wa kijiji, mzee mwembamba wanayemwita Kapita. Kona ya jiko kulikuwa na tenga kubwa. Mama Anzelina alilifunua, na ndani yake, juu ya majani makavu, alikaa tai wangu. Kifaa kilikuwa mgongoni. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitenge cha buluu.

Hapo fumbo la nukta likaisha. Watoto walimpiga tai kwa manati akaanguka shambani. Mama Anzelina akamwonea huruma, akampa kumbikumbi kwa mkono. Kila asubuhi alimbeba ndani ya tenga hadi shambani ili ale, na jioni akarudi naye. Tai alikuwa akitembea kwa miguu ya Mama Anzelina.

"Lakini mbona umemfunga mdomo?" nikauliza.

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Juu asilie." Yaani, ili asilie.

Kidogo kidogo, kwa minong'ono, wakanieleza. Vita vilipokuwa vikali, kijiji hiki kilikaa porini muda mrefu. Porini, sauti ndiyo iliyoua watu. Jogoo akiwika, wanaokutafuta wanajua uliko. Kwa hiyo waliwafunga majogoo midomo, kisha wakawachinja wote, na mbwa pia. Walitwanga mihogo kwenye vinu vilivyovishwa magunia. Walipika kabla ya alfajiri kwa kuni kavu zisizotoa moshi. Vita vilipotulia, miaka miwili iliyopita, walirudi, wakajenga upya, wakalima. Ni kelele tu ambazo hawajarudi nazo. Nimewafundisha wanafunzi wangu mara nyingi kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sikujua kwamba kijiji kizima kinaweza kushtuka miaka miwili bila kupumzika.

Kapita hakuwa akimtazama tai. Alikuwa akitazama simu yangu.

"Nani alikuonyesha njia?"

"Hakuna mtu. Ni hiki kifaa cha mgongoni. Kinamwambia rafiki yangu tai aliko, naye ananiambia mimi."

"Ule rafiki iko wapi?"

"Ulaya."

"Iko Ulaya, na anaona hii jiko?"

"Haoni jiko. Anaona nukta tu."

"Ile nukta," akasema Kapita, "njo siye."

Kweli, nukta ile ndiyo wao. Kijiji kilichochinja hata majogoo wake ili kisijulikane kilikuwa kimemlisha kwa mkono ndege aliyekuwa akikitangaza kwa satelaiti, mara kadhaa kwa siku. Na mimi, kwa kufika moja kwa moja hadi jikoni bila kumuuliza mtu njia, nilikuwa ushahidi kamili. Niliwaambia nitamwomba Otto afiche nukta hizo, na baadaye nilimwomba kweli na akakubali. Siku ile ilikuwa ahadi tu ya mgeni.

Nilikata kamba za kifaa kwa kisu cha Mama Anzelina. Walitaka kinyamaze pale pale. Nikawaambia kikizibwa ndani ya chuma hakitasikika. Kapita akakitia kwenye sufuria kubwa ya Mama Anzelina, akafunika, akaweka jiwe juu. Ndiyo iliyokuwa sufuria pekee ya kutosha watu wengi, na kwa siku zilizofuata tulikula mihogo ya kuchoma.

"Sasa weye utakaa siku tatu," Kapita akasema. "Mu pori ilikuwa vile. Mugeni akiingia, hatoki mbele ya siku tatu. Kama kuna batu nyuma yake, batafika."

"Na wakifika?"

"Siye tutakuwa tumeshaenda."

Alisema bila hasira. Nilipochungulia nje niliona, mlangoni mwa kila nyumba, kifurushi kilichofungwa, tayari kubebwa. Na hapo ndipo msichana mmoja aliingia kuchota maji, tumbo lake limefika mbali kabisa, siku za kujifungua zimetimia. Alikuwa Sifa, mkwe wa Mama Anzelina. Alinitazama mara moja akatoka.

"Wa kwanza alimuzalia mu pori," Mama Anzelina akaninong'oneza. "Bale batu balipita karibu sana, na mutoto alikuwa analia. Sifa alimukamata hapa," akagusa kifua chake, "juu asilie. Alimukamata sana. Mutoto hakulia tena."

Nilisema pole. Ni neno dogo, na lilizidi kuwa dogo kwa kunong'onwa.

"Huyu wa sasa hatazaliwa mu pori," akaongeza. "Hata kama nitabaki naye hapa peke yangu."

Siku tatu

Siku ya kwanza nilimkagua tai. Mfupa wa bawa ulikuwa mzima, nyama tu ilikuwa imeumia na sasa imepona. Siku ya pili nilijaribu kuzoea. Haiwezekani. Watoto walicheza mpira wa majani ya migomba, wakafunga bao, wakarusha mikono juu na kufungua midomo wazi bila sauti. Wanawake walicheka kwa mabega. Mtu alikuja nyuma yangu mara ngapi sijui, na kila mara niligeuka moyo umeruka. Mimi ninayelalamika kila Jumapili kuhusu vipaza sauti vya makanisa ya Shari, siku ile ningelipia mahubiri.

Siku ya tatu asubuhi, nikiwa nakula kumbikumbi wa kukaanga kwenye kigae, niliinua kichwa na kijiji hakikuwepo. Sikusikia hatua wala mlango. Vifurushi vilikuwa vimetoweka. Chini ya migomba yalibaki majani yakitikisika kidogo. Kisha nikasikia mabuti njiani.

Walikuwa wale wachimbaji wawili wa Bambu, na majembe mabegani. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini safari hii mdomo ulikuwa wa Bosco na kichwa kilikuwa changu. Aliwaonyesha njia niliyopita, akidhani wanataka kunisaidia.

"Prof," akasema yule mrefu, akitabasamu, "onyesha siye ile fasi ya tai." Fasi ni mahali, na tai wake alikuwa dhahabu.

Niliwaza kukimbia. Nilimwaza Sifa akikimbia na lile tumbo. Nikaingia jikoni, nikafunua tenga, nikamtoa tai nikiwa nimemkumbatia, nikamfungua kitambaa cha mdomo mbele yao. Akaning'ata gumba hadi damu ikatoka.

"Eh!" akasema mfupi. "Iko tai kweli!"

Walicheka hadi wakaketi chini. Sauti ya vicheko vyao ilizunguka kijiji kizima na kunitia hofu kuliko majembe. Lakini mrefu alikuwa wa kwanza kunyamaza. Alikuwa akitazama mistari ya ufagio uani, kisha jivu lililokuwa bado la moto, kisha kinu kilichovishwa magunia. Kinu hicho alikitazama muda mrefu.

"Na batu ba hapa?" akauliza mfupi.

"Hakuna," nikasema. "Ni nyumba za zamani."

Mimi ni mwongo mbaya, wanafunzi wangu watawaambia. Yule mrefu alivua kofia yake nyekundu. Akainama, akakaza vizuri gunia moja la kinu lililokuwa limelegea, kwa mikono inayojua kazi hiyo; huenda naye aliwahi kujificha porini.

"Hakuna mutu hapa," akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini sana. "Twende."

Walishuka. Nikabaki na tai mikononi katika kijiji kitupu. Nilimweka chini. Alifungua mdomo wake mara mbili, mpana kabisa, na hakutoa sauti. Nami nilimwona kwa macho yangu akitembea, hatua saba au nane uani, kabla ya kufungua mabawa na kupanda juu ya migomba. Hana kifaa tena. Hivi leo mimi, Otto na satelaiti hatujui aliko.

Jua lilikuwa utosini Mama Anzelina aliporudi, wa kwanza, akimkokota Sifa kwa mkono. Uchungu ulikuwa umemkamata vichakani. Nyuma yao alikuja Kapita, akinong'ona kwa ukali kwamba wangoje, kwamba watu wale wanaweza kugeuka, kwamba wakae porini hata wiki.

"Weye kaa," Mama Anzelina akamjibu, na hakunong'ona. "Huyu anazalia mu nyumba yake."

Akamwingiza ndani na kufunga mlango. Wengine walitoka migombani mmoja mmoja, vifurushi vichwani, wakasimama uani bila kuvitua. Tulisimama hivyo alasiri nzima. Kutoka ndani hatukusikia hata mguno. Nilijua Sifa ameng'ata kitambaa. Ule ukimya ulipozidi, nikaamini kwamba mtoto amekufa, na kwamba nimemuua mimi na nukta zangu.

Kisha akalia. Alilia kwa nguvu, sauti kali ya hasira, kama mtu aliyedhulumiwa. Uani hakuna aliyetazama mlango. Wote, pamoja na watoto, waligeuza nyuso kutazama njia inayotoka Bambu. Walingoja. Mwanamke mmoja alishika kifurushi chake kwa mikono miwili na kupiga hatua kuelekea porini. Mtoto akavuta pumzi, akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi. Mlango ukafunguka, Sifa akatokea ameegemea ukuta, mtoto yuko kifuani, na kiganja chake kimeinuliwa karibu na mdomo wa mtoto. Alikuwa akimtazama Kapita.

Kapita alitazama njia. Kisha akatua kifurushi chake chini.

"Mumuache alie," akasema.

Niliondoka asubuhi iliyofuata na kifaa mfukoni. Nilipofika kwenye kijito, robo saa nzima chini ya kijiji, bado nilikuwa namsikia mtoto akilia. Mtu yeyote aliyepita njia ile angemsikia. Nilisimama kwenye maji na viatu vyangu, nikifurahi na kuogopa kwa pamoja, nikimwomba Mungu mtoto yule asinyamaze.